Hekalu la Athena ndani ya Kanisa Kuu la Siracusa

Kazi yangu ni historia ya majengo, na nikiulizwa ni jengo gani la Mediterania lenye mengi ya kufundisha, jibu langu ni Kanisa Kuu la Siracusa, kwenye kisiwa cha Ortigia huko Sisilia. Usiangalie uso wake wa mbele kwanza. Zunguka ubavuni, Via Minerva. Hapo utaona nguzo nene za Kigiriki zimezama ukutani, vichwa vyake vikingali vimebeba boriti za mawe.

Ni nguzo za hekalu la Athena, mungu wa kike wa Wagiriki, lililojengwa na Gelon, mtawala wa Siracusa, baada ya kuwashinda Wakarthago, watu wa Karthago huko Afrika Kaskazini, kule Himera, kaskazini mwa Sisilia, mwaka 480 KK: 6 upande mfupi, 14 upande mrefu. Wagiriki walitoa sadaka nje, kwenye madhabahu. Chumba cha ndani kilikuwa cha sanamu ya mungu, si cha umati. Wakristo wao walihitaji kusali ndani, tena wakiwa wengi.

Katika karne ya 7 waashi wakalitatua hilo kwa namna inayonishangaza hadi leo. Waliziba kwa mawe nafasi za kati ya nguzo za nje, kisha wakatoboa matao katika kuta za chumba cha sanamu. Palipokuwa ukuta pakawa wazi, palipokuwa wazi pakawa ukuta. Ule ujia wa kuzunguka hekalu ukageuka mabawa ya kanisa, yaani njia zake za pembeni. Mlango nao, uliotazama mashariki, ukahamia magharibi.

Waarabu waliuteka mji mwaka 878, jengo likawa msikiti. Wanormani, wapiganaji Wakristo kutoka kaskazini mwa Ufaransa, wakalirudisha kuwa kanisa. Tetemeko la 1693 liliangusha uso wa mbele, na huu wa sasa wa Kibaroko, yaani mtindo wa mapambo mengi, ni kazi ya Andrea Palma ya karne ya 18. Naamini nguzo zimedumu kwa sababu jengo halikuwahi kukosa wenyewe. Mahekalu yaliyoachwa yaligeuzwa machimbo ya mawe.

Mwanzoni mwa karne ya 20 warekebishaji walibandua lipu na mapambo ya Kibaroko ndani ili mawe ya Kigiriki yaonekane. Mimi sikubaliani nao, maana Ubaroko nao ulikuwa historia ya mji. Bahati nzuri, vikanisa vya upande wa kusini vilinusurika, kikiwemo cha Mtakatifu Lusia, msimamizi wa Siracusa. Ukiingia, anzia huko.