Kusoma nje ya nchi: yanayosemwa vijiweni Tabora, na ukweli wake

Kila mwaka maembe yanapoanza kuiva, vijana hunijia nyumbani hapa Tabora. Wengine ni wa Isevya na Ng'ambo, wengine wameshuka na treni kutoka Urambo au Kigoma. Swali lao ni moja: "Dada, na mimi nataka kusoma nje, nianzie wapi?" Mwaka jana mmoja alifika Ijumaa jioni, na ufadhili alioutaka ulikuwa unafungwa Jumatatu. Matokeo yake yalikuwa mazuri kuliko yangu wakati nakwenda Ujerumani kusoma uzamili. Lakini pasipoti hakuwa nayo, transkripti, yaani karatasi ya alama zake za chuo, ilikuwa bado chuoni, na wahadhiri aliotaka wamwandikie barua za kumpendekeza walikuwa hawajui hata kama anaomba. Tulikesha, ikashindikana. Nililala na uchungu, kwa sababu akili alikuwa nayo na nafasi ilikuwepo. Alichokosa ni miezi sita. Aliyemponza ni maneno ya kijiweni, na nataka kuyapitia moja moja.

"Bila konekisheni huendi"

Hili ndilo linaloua ndoto nyingi, maana mtu akiliamini hajaribu kabisa. Ufadhili mkubwa unatangazwa hadharani, na kalenda zake hazibadiliki sana. Chevening ya Uingereza hufunguliwa Agosti na kufungwa mapema Oktoba. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya ina kozi nyingi zinazopokea maombi kati ya Oktoba na Januari. Serikali ya Uturuki kwa kawaida hupokea Januari na Februari. Ukisikia kijiweni kwamba fulani ana mtu wake ubalozini, muulize fulani mwenyewe alianza kukusanya karatasi lini. Mara nyingi atakwambia Machi.

Kila ufadhili pia una mtu wake unayemtafuta, na wengi huomba usiowahusu. Chevening ni ya uzamili na inataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, kwa hiyo aliyemaliza chuo juzi tu na hajawahi kufanya kazi popote anapoteza muda. Lakini kazi ya kujitolea inahesabiwa! Kama umejitolea kufundisha shule ya kata au kusaidia zahanati, andika tarehe, saa na jina la msimamizi wako leo hii, kabla hamjasahauliana. Erasmus Mundus yenyewe haikulazimishi kuwa na uzoefu, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaruhusiwa kuomba. Kwa shahada ya kwanza, angalia ufadhili wa serikali za Uchina, Uturuki, Japani na India. Uchina, Uturuki na Japani wana mpango wa kumfundisha mwanafunzi lugha yao kwa mwaka mzima kabla ya masomo kuanza, kwa hiyo kutoijua lugha hiyo kusikuzuie.

Kujuana kunakohitajika kweli ni wewe na mhadhiri wako. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, nenda ofisini kwake na swali la somo. Akujue kwa jina na kwa kazi yako. Barua ya mhadhiri asiyekukumbuka huwa na mistari minne, na aliyeisoma anajua maana yake.

"Ujerumani elimu ni bure, unajiendea tu"

Nusu ya maneno haya ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayoponza watu. Vyuo vikuu vingi vya umma Ujerumani havitozi ada hata kwa Mtanzania. Unalipa mchango wa muhula, ambao mara nyingi unakupa na tiketi ya usafiri. Lakini jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na Norway, iliyokuwa ikisifiwa kwa kusomesha wageni bure, ilianza kutoza mwaka 2023.

Tena kuna viza. Ujerumani inataka uoneshe kwamba una hela ya kula na kulala kwa mwaka mzima. Njia inayotumika sana ni kuweka euro 11,904 kwenye akaunti maalumu inayokuruhusu kutoa euro 992 tu kila mwezi. Ni zaidi ya shilingi milioni 30. Familia ngapi za Kanyenye au Kibirizi zina hizo hela zimelala tu? Ndiyo maana barua ya ufadhili ina thamani kubwa: ukiwa nayo, inasimama badala ya hiyo akaunti.

Na usidanganywe kwamba utajilipia kwa vibarua. Ujerumani inamruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, Uingereza saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Hela hiyo inanunua chakula. Ada ya mgeni Uingereza hailipiki kwa kuosha vyombo, na viza yenyewe hupewi kwa ahadi ya kibarua.

Hata ufadhili unaoitwa kamili una mashimo. Pasipoti, mtihani wa Kiingereza, safari za Dar es Salaam ziliko balozi: haya kwa kawaida yanatoka mfukoni mwako, na kwa mtu wa Kigoma safari ya kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 2,400 kwa reli. Kwetu harusi inaundiwa kamati, na kadi za michango zinafika mpaka kwa majirani wa shangazi. Sioni kwa nini kijana aliyepata barua ya chuo asiundiwe kamati ndogo ya namna hiyo.

"Pasipoti utashughulikia ukishapata chuo"

Hapana, hapana kabisa. Fomu inajazwa mtandaoni, kisha unaipeleka ofisi ya Uhamiaji, na ofisi ipo Tabora na Kigoma. Kinachochelewesha ni viambatisho: namba ya NIDA, cheti chako cha kuzaliwa, na cheti cha mzazi au kiapo. Cheti changu cha kuzaliwa kiliandikwa Mwanahamisi, cha kidato cha nne Mwanahamis. Kwa hiyo herufi moja nilikwenda kuapa, nikasubiri, nikarudi tena, wiki zikakatika. Kaa leo na vyeti vyako vyote mezani, uvisome majina herufi kwa herufi.

Ndugu zangu wa Kigoma mjipange zaidi. Mkoa umepakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo, kwa hiyo ushahidi wa uraia wa wazazi huangaliwa kwa makini. Kijana wa Kasulu au Kibondo ambaye wazazi wake hawakuwahi kuandikiwa cheti chochote aanzie serikali ya kijiji, na aanze mwaka mzima kabla.

Mtihani wa Kiingereza ndio pekee usiouwahi sana. Matokeo ya IELTS yanatambulika kwa miaka miwili, ukifanya mapema mno yanakufia mkononi. Uliza kwanza kama chuo unachoomba kinapokea barua kwamba ulisoma shahada yako kwa Kiingereza. Vipo vinavyopokea.

"Lipa wakala, kila kitu anamaliza yeye"

Kuomba Chevening ni bure. Erasmus Mundus bure. Ufadhili wa Uturuki bure. Anayekudai laki tatu za "fomu ya ufadhili" anakuibia, hata kama ana tai na ofisi yenye kiyoyozi. Mawakala halali wa vyuo vya nje wapo, na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inawasajili. Litafute jina lake kwenye orodha kabla hujatoa hata shilingi. Kisha kiandikie chuo chenyewe barua pepe, uwaulize kama wanamfahamu.

"Usipoondoka ukitoka kidato cha sita, umechelewa"

Julius Nyerere alikuwa ameshasoma Makerere na alikuwa anafundisha St. Mary's hapa hapa Tabora alipoondoka kwenda Edinburgh mwaka 1949. Mwaka huo alitimiza miaka 27. Shahada alimaliza 1952.

"Nje ni Ulaya na Marekani"

Makerere ni nje. Kigali, chuo cha Carnegie Mellon cha Marekani kina tawi tangu 2011. Zanzibar, IIT Madras ya India ilifungua kampasi mwaka 2023, na huko huhitaji hata viza. Na mtu wa Kigoma ana utajiri asiouhesabu: bandarini na sokoni Kifaransa kinazungumzwa na wafanyabiashara wa Bujumbura na Kalemie. Mdogo wangu, ukikishika hicho vizuri, una nchi nyingi za kuomba ambazo mwenzako wa Dodoma anaziogopa.

"Cheti cha nje hakiulizwi"

Kinaulizwa sana. Kabla ya kuondoka hakikisha TCU inakitambua chuo chako, maana ukirudi vyeti vyako vitapelekwa huko kutambuliwa. Ukisoma sheria nje bado utapita Shule ya Sheria ndipo uwe wakili. Mimi nilipeleka vyangu kabla sijaomba kazi yoyote, na nilikuwa nimetunza silabasi ya kila somo.

Yule kijana wa Ijumaa alirudi Machi mwaka huu na bahasha ya kaki. Pasipoti imetoka, transkripti ameiskani. Mhadhiri mmoja ameshakubali kumwandikia, wa pili anamtafuta wiki hii.