Hiyo alama sio kipimo cha kichwa peke yake

Wiki hii tena. Meseji WhatsApp kutoka kwa mama mmoja: "Habari za kazi dokta, naomba unipimie kijana wangu nijue kama akili anazo au hana, maana naona ada inapotea bure." Nzuri mama, ila kwanza mi sio dokta, ni mwanasaikolojia wa elimu, kazi yangu kupima watoto wanaokwama shuleni, na pili hili jambo nimeshalieleza mpaka kwenye vikao vya harusi. Watu wanadhani akili inakaa kichwani kama oil kwenye injini, unachomoa stiki, unasoma level, umemaliza. Alafu walimu nao humo humo, yule kichwa, yule zero, na mtoto ana miaka tisa.

Ebu twende Brazil kidogo. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha kazi waliyofanya na watoto wanaouza vitu mitaani na sokoni mjini Recife. Wanafika mezani kama wateja wa kawaida, wanaulizia bei. Kuna dogo wa miaka 12 anauza nazi, moja 35. Nipe nne, zote ngapi? Dogo akaanzia kwenye tatu ambazo bei yake anaijua, 105, akaongeza 30, akamalizia kidogo kilichobaki, 140. Kalamu hajagusa. Baadaye wakamkalisha na karatasi, 35 mara 4. Nne mara tano ishirini, anabeba mbili, mbili na tatu tano, tano mara nne ishirini, akaandika 200. Kichwa ni kile kile. Watoto walikuwa watano tu, sio wengi, lakini kwa jumla hesabu za pale kwenye biashara walipata asilimia 98, hesabu za maneno 74 hivi, na namba tupu 37.

Sasa nikieleza hii kila mtu anadakia, "aah kumbe alikuwa anaogopa mtihani, apewe moyo tu". HAPANA. Hapa ndo panaponitoa kwenye mstari. Hebu angalia alichofanya. Hakutetemeka. Alitumia njia nyingine kabisa, ile ya shule ya kubeba, akaivuruga (alijumlisha alichobeba kabla ya kuzidisha, kosa ambalo kila mwalimu wa hesabu analijua), na pale kwenye karatasi hapakuwa na kitu cha kumshtua kwamba 200 haiwezekani. Sokoni angetaja 200 kwa nazi nne za 35 mteja angekuja juu, na kabla ya mteja mwenyewe angeshtuka maana mzigo ni wake na bei ni yake. Karatasi haina mteja. Kwa hiyo mazingira hayakumpunguzia akili, yalimchagulia njia ya kufikiri, na moja ya hizo njia alikuwa hajaimudu. Ujasiri haufundishi kubeba mbili. Mpe moyo mpaka jioni, ataandika 200 kwa kujiamini.

Hiyo ni habari ya kwanza. Habari ya pili, ambayo watu wanaichanganya na ya kwanza kila siku, ni pale mtoto njia anaijua ila waliomzunguka wanamfanya asiitumie. Karla Hoff na Priyanka Pandey walifanya jaribio kijijini Uttar Pradesh, India, wakalichapisha 2006. Vijana wa darasa la sita na la saba, wanakaa sita sita, watatu wa kasti ya juu (kasti ni tabaka ambalo mtu anazaliwa nalo) na watatu wa kasti ya chini, wanatatua michoro ile ya kutafuta njia ya kutokea na wanalipwa kwa kila mmoja wanaoumaliza. Kasti isipotajwa, makundi yanakaribiana. Mtu akisimama mbele ya wote akasoma jina la mtoto, kijiji, baba, babu, alafu kasti yake, wale wa chini wanashuka. Ni kutaja tu, tena kitu ambacho kijijini kila mtu anakijua! Na usikimbilie kusema akili iliganda, kwa sababu watafiti wenyewe walipofuatilia waliona suala la imani limo: kama naamini anayegawa malipo hatanitendea haki, najichosha ya nini. Huko sio kushindwa kufikiri, huko ni kupiga mahesabu sawasawa.

Hapo ndo inapoingia ile tafiti maarufu ya Claude Steele na Joshua Aronson ya 1995, wanafunzi weusi wa Stanford wanaoambiwa mtihani unapima uwezo wao wakafanya vibaya kuliko walioambiwa ni zoezi tu. Kwenye semina za walimu inasimuliwa hivi: ondoa hofu, yaani ile ya kuthibitisha mabaya yanayosemwa kuhusu watu wako, weusi na weupe wanapata sawa. Jamani someni vizuri. Alama zile zilikuwa zimeshasawazishwa kwa matokeo yao ya nyuma ya SAT, mtihani wa kuingilia chuo Marekani, kwa hiyo "sawa" pale maana yake ni sawa baada ya kuiweka pembeni tofauti iliyokuwepo kabla. Alafu 2018 Waholanzi wakalijaribu wazo hilo hilo la hofu kwa wanafunzi wa sekondari zaidi ya 2,000, safari hii wasichana na ule usemi kwamba hesabu hawaziwezi, hawakuona kitu. Mimi bado naamini kuna kitu, nakiona ofisini, ila ukinibana niseme kina uzito gani ntakwepa, na anayekutajia uzito wake bila kusita usimwamini sana.

Ofisini kwangu naona nini? Kuna zoezi la dakika mbili, mtoto anakopi alama ndogondogo chini ya namba kwa haraka awezavyo. Anakuja mtoto, anachora ya kwanza, anaikagua, anaomba ufutio, anafuta, anapuliza vumbi la ufutio, anachora tena iliyonyooka kuliko ya kwangu. Saa inakimbia. Kwenye jedwali la kulinganishia alama, ambalo limetengenezwa na watoto wa Ulaya na Marekani, anatoka "mzito". Kumbe shuleni kwao daftari chafu ni fimbo. Mwingine wa darasa la pili namwonyesha picha ya ng'ombe, hii nini? Ananiangalia mimi badala ya picha. Kwao mkubwa haulizi kitu anachokijua, akiuliza ujue kuna mtego.

Na msiniambie hii ni ya ofisini tu. Pale karibu na Bagamoyo timu ya Robert Sternberg na Elena Grigorenko (2002) iliwapima watoto wa shule za vijijini, ikawafundisha namna ya kuyaendea maswali kwa muda usiofika saa moja, ikawapima tena. Walipanda. Na kilichonifurahisha mimi sio kupanda, ni kwamba mpangilio ulivurugika, aliyekuwa juu mwanzo sio lazima awe juu mwisho, wakati kwa wale ambao hawakufundishwa mpangilio ulibaki karibu vile vile. Sasa yule uliyemwita zero kwa kipimo cha asubuhi utamwitaje mchana?

Ila kuna kambi nyingine nayo inanichosha, "kila mtoto ana kipaji chake, mitihani ifutwe". Acheni hizo. Dogo wa Recife anahitaji kuzidisha kwenye karatasi, soko halitamfundisha kila kitu.

Kwa hiyo akiletwa kijana wa form one, ambaye darasa la saba alisoma kwa Kiswahili na sasa anaulizwa kila kitu kwa Kingereza, nampa maswali ya sayansi mara mbili, lugha moja moja. Najua mara ya pili ana faida ya kuwa ameshayaona, kwa hiyo wengine naanza na Kingereza wengine Kiswahili, sio dawa kamili lakini inasaidia. Tofauti ikiwa kubwa naiandika ukurasa wa kwanza wa ripoti, kwa herufi nene, na najua kabisa mzazi atauruka aende ukurasa wa mwisho kutafuta namba.