Je, wajua kwanini nyimbo za soul, ule muziki wa Wamarekani weusi, zilizobuma Marekani zilikuja kugombaniwa Uingereza?

Mwaka 2009 santuri moja ndogo, zile za wimbo mmoja kila upande, iliuzwa Uingereza kwa pauni 25,742. Sio ya Elvis wala ya Beatles, ni ya Frank Wilson, jina ambalo hata wapenzi wengi wa Motown, ile kampuni kubwa ya muziki wa soul ya Detroit, ukiwatajia hawalijui. Wimbo unaitwa "Do I Love You (Indeed I Do)", wa Motown mwaka 1965, zikatolewa kopi za majaribio halafu ukasitishwa kabla haujaingia madukani. Wilson alikuwa pia mtunzi na prodyuza pale Motown, na inasimuliwa kwamba bosi wake Berry Gordy alimtaka achague moja, kuimba au kuprodyuzi, akachagua kuprodyuzi, basi kopi karibu zote zikaharibiwa zikabaki za kuhesabu kwa vidole.

Sasa ilikuwaje wimbo wa hivyo ukapata watu wa kuulilia? Jibu liko kaskazini mwa Uingereza, kwenye miji ya viwanda. Mwishoni mwa miaka ya 60 vijana wa kule walikuwa wakimaliza wiki ya kazi wanaenda kukesha kwenye klabu kama Twisted Wheel ya Manchester wakicheza soul yenye mdundo wa haraka, ule wa kupiga mguu mfululizo bila kupumzika. Shida ni kwamba Marekani kwenyewe muziki ulishahama, James Brown na wenzake walishauvutia kwenye funk, ngoma zikawa nzito na za kukatakata. London walifuata mambo mapya ila wa kaskazini wakagoma kabisa. Dave Godin, mwandishi wa muziki aliyekuwa na duka la santuri London, aliona mashabiki wa mpira wakishuka kutoka kaskazini wanaingia dukani kwake kuulizia ile staili ya zamani tu, vitu vipya hawavitaki, ndo akaupa muziki wanaoutaka jina la northern soul, yaani soul ya kaskazini, na jina likakaa mpaka leo.

Na hapo ndo penyewe. Kama unataka staili ambayo hakuna anayeitengeneza tena, na zile hiti kubwa umeshazicheza mpaka zimekuchosha, inabidi urudi nyuma ukachimbe zilizofeli. Na zilizofeli zilikuwa za kumwaga! Detroit, Chicago, Philadelphia, Los Angeles, kote kulikuwa na lebo ndogo ndogo, yaani kampuni za kutoa santuri, zenye hela ya kurekodi lakini hazina ya kusambaza wala mtu wa kuwabembeleza madijei wa redio, kwa hiyo wimbo unatoka, unapigwa mtaani kwao wiki kadhaa, unakufa. Haimaanishi ulikuwa mbaya. Wapigaji wale wale wa studio ya Motown walikuwa wanachomoka kimya kimya kwenda kupiga kwenye lebo jirani kama Ric-Tic ya hapo hapo Detroit, yaani besi ile ile, dramu zile zile, kilichokosekana ni biashara tu. Mimi hili ndo linaniuma na ndo linanifanya nizitafute hizi nyimbo, maana tumezoea kuamini kwamba kilichosahaulika kilistahili kusahaulika.

Madijei wakaanza kushindana. Wengine walifunga safari mpaka Marekani kupekua maghala na maduka ya vitu vya zamani, na dijei akishapata ngoma ambayo hakuna mwingine anayo alikuwa anafunika ile karatasi ya katikati yenye jina la wimbo na kuipa jina la uongo ili wapinzani wasiitafute. Hata huo wa Frank Wilson ulipigwa kwanza Wigan Casino, klabu ya mji wa Wigan huko huko kaskazini, kwa jina la Eddie Foster. Wigan Casino ilikesha kuanzia 1973 hadi 1981, pombe haikuuzwa, watu walimwaga poda sakafuni ili viatu viteleze wakizunguka, na asubuhi kukikaribia saa mbili lazima zifunge nyimbo tatu zile zile, ya Tobi Legend, ya Jimmy Radcliffe na ya Dean Parrish, wote waimbaji ambao kwao Marekani hata chati za juu hawakuwahi kuzinusa na nyimbo hizo.

Halafu kuna Gloria Jones. Alirekodi "Tainted Love" mwaka 1964, ukawekwa upande wa pili wa santuri na ukabuma. Mwaka 1973 dijei Richard Searling akaiokota Philadelphia, akaja nayo, wachezaji wakaipagawia, na 1981 Soft Cell, kundi la Uingereza, wakairudia na kushika namba moja Uingereza. Dunia nzima inaujua huo wimbo ila ukiuliza aliyeuimba kwanza ni nani watu kimya, na pesa za utunzi zilienda kwa mtunzi, Ed Cobb, sio kwa ile sauti ya kwanza. Sikiliza toleo lake, anavyoimba kwa hasira huku ngoma inakimbia, utaona Soft Cell walipunguza moto wakaongeza baridi.

Ila bei isikudanganye jamani, zipo santuri za maelfu ya pauni ambazo ni adimu tu, uimbaji wa kawaida kabisa. Ukitaka kuanza, nyingi siku hizi zipo mtandaoni bure, anza na Tobi Legend "Time Will Pass You By" ya 1968, weka sauti juu, halafu Jimmy Radcliffe "Long After Tonight Is All Over", hiyo imetungwa na Burt Bacharach na Hal David, taratibu kidogo lakini jamaa anaimba kwa moyo wote. Frank Wilson muweke wa mwisho, na hakikisha una nafasi ya kucheza.