Lita Hazipimi Mgongo Wako

Juzi nimeulizwa tena: "Fundi, mimi ni mrefu, si unipe lile begi la lita 80?" Aliyeuliza alikuwa mrefu kweli, lakini urefu wake wote ulikuwa miguuni, na mgongo wake ulikuwa mfupi kuliko wa dada yake aliyemsindikiza, ambaye kichwa chake kilimfikia kaka yake begani. Kazi yangu hapa Moshi ni kukodisha na kukarabati mabegi ya safari za milimani, na imani hii kwamba mtu mrefu anahitaji begi kubwa nimeisikia mara nyingi mno. Nimeamua kuiandikia, ili atakayeuliza baada ya leo nimtumie kiungo badala ya kumpandishia sauti.

Lita ni ujazo wa begi, nazo hazisemi lolote kuhusu mwili wa anayelibeba. Kuchagua shanta kwa lita ni sawa na kununua suruali kwa kuangalia ukubwa wa mifuko. Kinachoamua kama begi litakukaa ni urefu wa mgongo, kuanzia pingili inayochomoza chini ya shingo unapoinamisha kichwa hadi mstari unaounganisha kingo za juu za mifupa ya nyonga. Shika nyonga zako, vidole gumba vikielekea nyuma, kisha mwenzako apime kutoka kwenye pingili ile hadi katikati ya vidole gumba kwa futi laini ya fundi cherehani, akiufuata mpindo wa uti wa mgongo. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 40 na 55. Usijipime mwenyewe, kwa sababu ukijipinda kuisoma futi, mgongo unaoupima si ule utakaobebea.

Maelekezo mengi huishia hapo, kana kwamba namba hiyo ni hukumu ya mahakama. Mimi sina imani nayo kiasi hicho. Wape wapimaji wawili mgongo mmoja, nao watakuletea namba mbili. Tofauti ya sentimita 2 si jambo la ajabu, na inatosha kumhamisha mtu kutoka saizi ndogo kwenda ya kati. Isitoshe, watengenezaji hawakubaliani wao kwa wao, na saizi ya kati ya mmoja yaweza kuwa saizi kubwa ya mwingine. Kwa hiyo futi hukuonyesha uanzie begi lipi, lakini begi lenyewe, likiwa na mzigo ndani, ndilo lenye neno la mwisho.

Sasa nifike kwenye mkanda wa nyonga, jambo linaloniudhi kuliko yote. Wateja wengi huufunga tumboni, usawa wa kitovu, mahali wanapofungia mkanda wa suruali, kisha hulalamika kwamba unawabana pumzi na kwamba mabega bado yanauma. Tumbo ni nyama laini isiyo na mfupa wa kushikilia kitu, kwa hiyo mkanda uliofungwa hapo huteleza au hukaba. Unapaswa kulala juu ya ukingo wa mfupa wa nyonga, nusu ya upana wake ikiwa juu ya ukingo huo na nusu chini, ili uzito uegemee kwenye mfupa na kushuka miguuni. Hapa ndipo urefu wa mgongo unapodai haki yake. Begi likiwa refu kuliko mgongo wako, mkanda ukikaa mahali pake mikanda ya mabegani huelea juu ya mabega. Ukitaka iguse, begi zima hushuka na mkanda wa nyonga huteremka chini ya mfupa. Begi likiwa fupi, mkanda hauwezi kuifikia nyonga kabisa, na utabeba kila kilo kwa mabega hata kama umelipia mkanda mnene wenye sponji ya kifahari. Hakuna kukaza wala kulegeza kutakakoponya tatizo hilo, ndiyo maana nachoka ninapomwona mtu akihangaika na vikanda vyote wakati ugonjwa uko kwenye fremu, yaani kiunzi kigumu kinachoushikilia mgongo wa begi.

Utaratibu wa kufunga ni huu: legeza kila kitu, funga mkanda wa nyonga kwanza, kisha vuta mikanda ya mabegani hadi ikumbatie mabega bila kubeba uzito wote, kisha vikanda vidogo vya juu vinavyolivutia begi mwilini, na mwisho kile cha kifuani, chini kidogo ya mitulinga. Wanaosema vikanda vya juu lazima viwe na pembe ya nyuzi 45 wanajua kitu ambacho migongo ya wateja wangu haikijui. Nimeona mabegi yanayokaa vizuri sana kwa pembe ndogo zaidi.

Wauzaji hupenda pia kusema kwamba nyonga hubeba asilimia 80 ya mzigo. Ningependa iwe hivyo. Hata hivyo, LaFiandra na Harman, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, waliwapima watu wakitembea na begi lenye mkanda wa nyonga, wakakuta kwamba karibu asilimia 30 ya uzito ndiyo iliyoegemea sehemu ya chini ya mgongo, na uliobaki ulikuwa juu. Sijui begi lako lingetoa namba gani, lakini atakayekuahidi kwamba mabega yako hayatahisi kitu anauza begi. Na ili nisionekane naiabudu fremu: mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wanawake wa Kiluo na Kikikuyu nchini Kenya, waliobeba mizigo kwa kichwa au kwa mkanda wa kwenye paji la uso, wakafikia asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kuongeza nguvu wanayotumia kutembea. Hakuna begi dukani kwangu linaloweza kujivunia hilo, lakini wao walizoea kubeba hivyo kwa miaka mingi, nawe unaondoka Jumamosi.

Mabegi yenye lebo ya kike huwa na mgongo mfupi zaidi na mikanda ya mabegani iliyopinda zaidi. Mwanamume mwenye mgongo mfupi hukaa nayo vizuri, isipokuwa huwa anaikataa rangi.

Lita zenyewe nitazimaliza haraka. Kilimanjaro hubebi zaidi ya begi dogo la siku, maana mzigo mkubwa unachukuliwa na wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, ambao kanuni imewawekea kikomo cha kilo 20. Lakini ukitembea Usambara kutoka Lushoto hadi Mtae, au ukipanda Mlima Kenya hadi Point Lenana, mita 4,985, ukibeba hema lako mwenyewe, lita 50 hadi 65 zinawatosha wengi. Begi la lita 80 litajazwa tu, kwa sababu binadamu haachi nafasi wazi.

Ukinunua mtumba pale Memorial, soko la hapa Moshi ambako mabegi mazuri hupatikana, ingiza mkono ndani nyuma ya kitambaa cha mgongoni uhakikishe kwamba fito za aluminiamu zimo, kwani mara nyingi mtumiaji wa kwanza alishazitoa. Minya sponji ya mkanda wa nyonga. Ikibaki imebonyea, imekufa. Mkanda uliokatwa naweza kuushona upya, lakini fremu isiyo ya urefu wako siwezi kuirefusha.

Kisha weka kilo 12 za mchele au maji ndani, si magazeti yaliyokunjwa, panda na kushuka ngazi kwa nusu saa. Maumivu kidogo ya nyonga mwanzoni ni ya kawaida kwa asiyezoea. Vidole vikianza kufa ganzi, mikanda inabana mishipa ya fahamu ya mabegani; rekebisha mara moja, na ganzi ikirudi, lirudishe begi hilo kabla muuzaji hajafunga.