Msilaumu unga, biskuti mmezifunga za moto

Kila msimu wa kipaimara swali ni lile lile, kuanzia Kiboriloni mpaka Njiro: "Mbona biskuti wanazouza vijana kanisani zimelainika kabla hata ibada ya pili haijaisha? Au unga wa siku hizi ni feki?" Unga hauna kosa. Mmezifunga za moto.

Tena mnazifunga za moto kwa makusudi, kwa kuwa kuna mtu kawaambia zikifungwa na joto lake zinakaa vizuri. Hiyo ni kanuni ya chapati, jamani. Chapati tunaitia kwenye hotpoti ya moto ili ilainike! Biskuti tunaitaka ikauke, halafu tunaifanyia yale yale ya chapati na kushangaa.

Tuchukue kipimo cha kawaida: unga kilo 1, majarini gramu 500, sukari gramu 400, mayai 2, beking pauda vijiko 2 vya chai, chumvi nusu kijiko. Donge linakuja kama kilo 2. Ukikata vipande vya gramu 25, unene milimita 6, unapata biskuti 80. Oveni nyuzi 170 hadi 180, dakika 12 hadi 15. Hapo hakuna siri.

Siri iko kwenye maji. "Sisi hatuweki maji," mtaniambia. Mnaweka. Yai sehemu kubwa ni maji, majarini ina maji, na hata unga mkavu una maji yake. Jumlisha: katika kilo 2 za donge kuna karibu gramu 280 za maji, na kazi ya oveni ni kuyatoa mengi ya hayo. Kwa hiyo pima kipande kimoja kibichi, kisha kipime kikishaiva. Gramu 25 ikirudi 22, umemaliza. Ikirudi 24, maji bado yamo, hata kama juu imepata rangi nzuri ya kahawia. Hiyo ya 24 italia kach! jioni ya Jumamosi, na Jumapili asubuhi itakuwa mkate. Maji ya katikati yanasambaa polepole hadi pembeni, mfuko uwe umefungwa vizuri namna gani.

Sasa msikimbilie kuziunguza. Biskuti ikitoka ovenini lazima iwe laini, kwa kuwa mafuta yameyeyuka na sukari bado haijashika. Inakaza ikipoa. Anayeibonyeza ikiwa ya moto na kuirudisha ndani "iive" ndiye anayetuletea zile nyeusi chini.

Zipooze juu ya wavu, si kwenye trei wala kwenye sinia, kwa sababu chini lazima hewa ipite. Saa moja nzima. Ziguse upande wa chini. Kama kuna uvuguvugu wowote, subiri. Ukifunga, mvuke unagonga nailoni, unageuka matone na kurudi kwenye biskuti. Masika ndiyo balaa zaidi: zikishapoa zifunge hapo hapo, usiziache wazi usiku kucha. Kuziba kwa mshumaa na kipande cha msumeno, kama wauza karanga, kunatosha. Kukunja na stepla hakutoshi.

Zimeshalainika? Zirudishe ovenini nyuzi 150, dakika 5, zipooze upya. Zenye aisingi hapana.

Nikiri jambo moja: hizo dakika ni makadirio. Oveni ya mkaa haina namba, na kila moja ina upande wake unaounguza. Ndiyo maana nauamini mzani kuliko saa. Wapo wanaosingizia mwinuko wa Arusha, mita kama 1,400, ambako maji huchemka karibu nyuzi 95: kwenye keki ni kweli, utauona. Kwenye biskuti ya milimita 6, naona trei iliyopinda inaharibu zaidi.

Na wanaotaka "zile za Girl Scouts wa Marekani", yaani skauti wa kike: walianza kuoka na kuuza mwaka 1917 kule Muskogee, Oklahoma, lakini leo zao zinatoka viwandani. Mapishi ya mtandaoni yanapima kwa kikombe cha mililita 240. Kikombe chako cha chai ni kitu kingine. Tumia gramu.

Bei, kwa haraka. Usipange kwa kuangalia mnada wa baada ya ibada, ambako pakiti moja inaweza kununuliwa kwa bei ya mbuzi. Jumlisha malighafi, mkaa au gesi, vifungashio na nauli. Kwa zile biskuti 80, pakiti za tano tano zingekuwa 16, ila gharama igawanye kwa 15. Za kuonja zitaliwa tu, hata uwaweke wazee wa kanisa kulinda.