Riba yako Ujerumani imekatwa kodi? Idai, haijirudishi

Kuna wanafunzi na manesi wengi waliokuja Ujerumani juzijuzi, wanafungua ile akaunti ya akiba inayoitwa Tagesgeld, wanaangalia asilimia ya riba tu basi, afu Januari karatasi ya benki inasema riba euro 400, kodi 100, Soli (nyongeza juu ya kodi) 5.50, iliyoingia kwako 294.50, mtu anaguna na kunyamaza. Usinyamaze, hiyo 105.50 ni yako.

Iko hivi. Benki kisheria inakata asilimia 25 ya riba au gawio, na juu yake Soli, ambayo ni asilimia 5.5 ya hiyo kodi na sio ya riba, ndo maana jumla ni 26.375. (Ulipojiandikisha manispaa ukajaza Katoliki, ya kanisa nayo inakatwa humohumo, wengi hawalijui hili.) Lakini tangu 2023 kila mtu ana euro 1,000 kwa mwaka za mapato kama haya zisizotozwa kodi, mke na mume 2,000, zamani ilikuwa 801. Shida ni kwamba benki haikupi hadi uiambie kwa fomu ya Freistellungsauftrag, ambayo siku hizi unajaza kwenye app kabla chai haijapoa. Una benki mbili? Gawanya, 600 huku 400 kule, usijaze 1,000 kote kote, mamlaka ya kodi inaletewa hesabu za benki zote.

Ukijaza kabla mwaka haujaisha, benki nyingi zinakurudishia zenyewe. Mwaka ukishafungwa, unaenda kudai Finanzamt (ofisi ya kodi) kupitia Elster, tovuti yao ya kodi, na hapo ndo watu wanakwama kwa sababu wanaleta statement ya kawaida. Sio hiyo, omba benki ikupe Steuerbescheinigung, yaani cheti cha kodi iliyokatwa. Namba zake unazihamishia Anlage KAP, fomu ya mapato ya riba na gawio, mstari wa 5 unaomba makato yakaguliwe upya, na kama kipato chako ni kidogo jaza na mstari wa 4, watapiga hesabu kwa kiwango chako badala ya 25 wakiona ndo nafuu.

Mwanafunzi mwenye riba inayozidi 1,000 na kazi ndogo ya wikiendi aombe Finanzamt NV-Bescheinigung, cheti kwamba hutakiwi kutozwa kodi ya mapato, benki ikiipata haikati kitu hadi miaka mitatu.

Na kama hulazimiki kupeleka ritani ya kodi una miaka minne ya kudai, ya 2022 mwisho wake 31 Desemba 2026.