Kumtundikia farasi dripu maana yake nini?

Mtu akilazwa, ndugu hawakawii kuuliza: "Ameongezewa maji?" Chupa ya nusu lita ikishaning'inia na matone kuanza kudondoka, roho zinatulia. Kwa farasi jina ni hilohilo, dripu, na kanuni ni ileile: maji yenye chumvi za mwili huingizwa kwenye mshipa wa damu bila kupitia tumboni. Tofauti ni kwamba chupa ile ya nusu lita, kwa farasi mzima, ni kama kumlambisha tu.

Piga hesabu. Farasi wa kilo 500 ana damu lita 40 hivi. Hata asipougua, anahitaji maji kama mililita 50 kwa kila kilo kwa siku, yaani lita 25. Sasa ameharisha, na daktari wa mifugo anakadiria kuwa amepoteza maji ya asilimia 8 ya uzito wake. Hizo ni lita 40, madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa pomoni. Jumlisha na zile 25, unapata lita 65, na kuhara kwenyewe bado hakujakoma. Ukitumia chupa za wodini, ni chupa 130. Ndiyo maana farasi hutundikiwa mifuko ya lita 5, miwili au zaidi kwa pamoja, juu kabisa ya zizi, kwa mrija uliojisokota kama springi ili ageuke na hata alale bila kuung'oa.

Asilimia 8 inajulikanaje? Kwa macho na vidole, kwanza. Ngozi ya shingo ikifinywa inachelewa kurudi. Fizi zinanata badala ya kuteleza. Ukizibonyeza zikawa nyeupe, rangi inachukua zaidi ya sekunde 2 kurejea. Moyo, ambao farasi akiwa ametulia hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, unakwenda mbio. Kisha damu hupimwa: seli nyekundu zikizidi kiwango chake, ujue maji yamepungua.

Punda, lakini, huficha. Damu yake haionyeshi kuwa nzito mpaka awe amepoteza maji ya asilimia 12 hivi, kwa hiyo anayemsubiri punda aonekane mgonjwa huchelewa. Kule Lamu, ambako The Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, wana kliniki tangu miaka ya 1980 na punda ndiye mbeba mizigo wa mji, hili si jambo la vitabuni. Ngozi yake nayo ni nene, hata sindano huingizwa kwa kusimamishwa zaidi.

Kwa nini asinyweshwe tu? Anaweza, na ni rahisi zaidi: mrija hupitishwa puani hadi tumboni, akamiminiwa lita kadhaa kwa mkupuo. Ila farasi hawezi kutapika. Tumbo likijaa kupita kiasi linaweza kupasuka. Kwa hiyo kabla ya kumimina, daktari hutazama kama kuna maji yanayorudi kupitia mrija huo. Yakirudi, utumbo umegoma, na njia iliyobaki ni mshipa.

Mshipa wenyewe ni ule mkubwa wa shingoni. Nywele hunyolewa, ngozi husuguliwa kwa dawa mpaka itakate, kisha kidole gumba hukandamiza upande wa chini na mshipa unavimba kama mpira wa bustani. Kanula, yaani mrija mwembamba wa plastiki unaobaki ndani ya mshipa, ndefu ya sentimita 13 hivi, huingia ikielekea moyoni, damu ikachungulia, halafu hushonwa kwenye ngozi. Sehemu ya juu ya shingo ndiyo salama zaidi, kwa sababu hapo msuli huutenga mshipa huu na ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, iliyo chini yake.

Maji yanayotumika zaidi ni Ringa lakteti, ambayo chumvi zake zinakaribiana na za majimaji ya damu. Yapo pia makali, ya chumvi asilimia 7.2, mara nane ya sailini, yaani maji ya chumvi ya kawaida ya dripu. Lita 2 tu huinua presha haraka kwa kuvuta maji kutoka kwenye tishu. Huo ni mkopo: usipomrudishia maji ya kawaida kwa wingi mara baada ya hapo, umemkausha zaidi. Potasiamu, moja ya chumvi za mwili, ikiongezwa, haikimbizwi kamwe, kwa kuwa inaweza kuusimamisha moyo.

Hatari nyingine haina kelele. Ukipapasa shingo asubuhi ukakuta mshipa umekuwa mgumu kama kamba, umeanza kuganda, kanula itolewe. Mishipa yote miwili ikiziba, kichwa huvimba.

Dripu haiondoi msokoto wa utumbo wala haiui bakteria. Inalinda mzunguko wa damu wakati upasuaji au dawa zikifanya kazi yake. Mchunga zizi hana mashine, lakini huona dalili mapema: farasi ametandaza miguu akakojoa mkojo mwingi, usiokolea rangi, na fizi zimeanza kuteleza. Hapo daktari huanza kupunguza mifuko.